Sura ya Tisa: Kupandisha Toleo la Mfumo wa Kompyuta

Katika sura iliyotangulia ulijifunza jinsi ya kupima mvua na kuandika vipimo katika jedwali. Katika sura hii utajifunza jinsi ya kulinda vipimo hivyo wakati kompyuta inayovitunza inapobadilishwa mfumo wake.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi iliyoko Vigwaza, katika Mkoa wa Pwani, si mbali na Mto Ruvu. Wanafunzi wa shule hiyo hupima mvua kila siku saa tatu asubuhi. Kazi hiyo wameifanya kwa miaka sita, masika na vuli, hata siku za likizo, kwa zamu. Madaftari ya miaka ya kwanza yaliliwa na mchwa. Kwa bahati njema, vipimo vyake vilikuwa vimekwisha kuingizwa katika kompyuta ya shule. Kwa hiyo kazi yote ya miaka sita imo ndani ya sanduku moja la chuma lililo juu ya meza ya mwalimu.

Asubuhi moja kompyuta inaonyesha habari hii juu ya skrini: toleo jipya la mfumo liko tayari, je, lipandishwe sasa? Kiranja wa darasa ananyosha mkono ili abonyeze mahali palipoandikwa "Ndiyo".

"Ngoja kwanza, mwanangu," mwalimu anamwambia. "Ukibonyeza hapo, hakuna kurudi nyuma."

"Lakini mwalimu, imeuliza tu."

"Imeuliza, ndiyo. Nasi tuna maswali yetu ya kuiuliza kabla ya kuijibu."

Maswali hayo ndiyo tutakayojifunza.

Mfumo endeshi ni nini?

Kompyuta haifanyi kazi kwa nyaya na chuma peke yake. Ndani yake yamo maagizo yanayoiongoza. Maagizo yaliyopangwa kwa ajili ya kazi fulani huitwa programu. Ipo programu ya kuandikia barua, ipo ya kuchorea, ipo ya kujumlishia vipimo vya mvua. Chini ya programu hizo zote upo mfumo endeshi. Mfumo endeshi ndio unaopokea herufi unazobonyeza, unaoonyesha picha juu ya skrini, unaotunza mafaili katika diski, na unaogawa nafasi ili programu moja isiingilie kazi ya nyingine. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo huitwa kiini.

Mwaka 1969, nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo endeshi uliokuja kuitwa Unix. Mifumo mingi imefuata mwendo wake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alianza kuandika kiini kipya kinachofanana na kile cha Unix. Kiini hicho huitwa Linux. Kila mtu anaruhusiwa kukitumia, kukisoma na hata kukirekebisha bila kulipa.

Watu hukichukua kiini hicho, wakakiunganisha na programu nyingine, wakapata mfumo kamili. Mmoja wao ni Debian, ulioanza mwaka 1993. Mwingine ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Litazame vizuri jina hilo. Katika Kizulu na Kixhosa, ubuntu maana yake ni utu, na asili yake ni moja na neno letu la Kiswahili. Mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za kuandikia na kufanyia hesabu zilizoitwa Jambo OpenOffice, ambazo maneno yake yote ya kuongozea ni ya Kiswahili. Mradi wao uliitwa Kilinux.

Huenda nawe umewahi kushika kifaa chenye Linux bila kujua. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya sensa. Vishikwambi hivyo huendeshwa na mfumo wa Android, na kiini cha Android ni Linux.

Toleo

Mfumo endeshi haukamiliki siku moja. Watengenezaji wake hugundua kasoro, huzisahihisha, huongeza mambo mapya, kisha hutoa mfumo uliorekebishwa. Kila utoaji huo huitwa toleo. Kuhama kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya huitwa kupandisha toleo.

Matoleo ya Ubuntu hupewa namba kwa njia rahisi. Tarakimu za kwanza ni mwaka, na zinazofuata ni mwezi. Toleo 22.04 lilitolewa Aprili 2022. Toleo 24.04 lilitolewa mwezi gani, na mwaka gani? Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutolewa toleo linalohudumiwa kwa miaka mitano. Hilo ndilo linalofaa shule. Yapo matoleo mengine katikati, lakini huhudumiwa kwa miezi tisa tu, na shule haina sababu ya kuhangaika nayo.

Kuhudumiwa maana yake nini? Maana yake ni kwamba kasoro ikigunduliwa, watengenezaji huleta masahihisho. Huduma ikiisha, kasoro hubaki wazi kama tundu katika wavu. Kwa mfano, huduma ya kawaida ya toleo 20.04 ilikwisha Mei 2025. Kompyuta yenye toleo hilo huendelea kuwaka na kufanya kazi, wala haimwambii mtu kwamba sasa ni rahisi zaidi kuingiliwa na wezi wa habari. Kwa hiyo kukataa kupandisha toleo milele si dawa. Kiranja wetu hakukosea kutaka kupandisha. Alikosea kutaka kupandisha saa ileile.

Jaribio la 1: Kwa nini kupandisha toleo ni kazi ya hatari?

Utahitaji maboksi matano ya viberiti yaliyo tupu, karatasi na gundi.

Bandika karatasi juu ya kila boksi. Andika maneno haya, kila moja katika boksi lake: KIINI, MAKTABA, MVUA, KIINI KIPYA, MAKTABA MPYA. Neno maktaba hapa halina maana ya chumba cha vitabu. Ni fungu la maagizo linaloazimwa na programu nyingi, kama vile wanafunzi wengi wanavyoazimana rula moja.

Simamisha boksi la KIINI mezani. Juu yake simamisha MAKTABA, na juu ya MAKTABA simamisha MVUA. Sasa jaribu kuliondoa boksi la KIINI na kuweka KIINI KIPYA mahali pake, bila kuyashika maboksi ya juu. Umeona nini?

Panga mnara wako tena. Safari hii jenga mnara wa pili kando ya ule wa kwanza, kwa KIINI KIPYA na MAKTABA MPYA. Ukiisha kusimama imara, hamisha boksi la MVUA kutoka mnara wa zamani hadi mnara mpya. Umeona nini? Andika jibu katika daftari lako kabla ya kuendelea kusoma.

Katika sehemu ya kwanza ya jaribio, mnara huanguka, kwa sababu programu husimama juu ya maktaba, na maktaba husimama juu ya kiini. Katika sehemu ya pili hakuna kinachoanguka. Isitoshe, mnara mpya ukionekana kuwa mbovu, ule wa zamani bado upo.

Kompyuta ya Ubuntu hutumia njia ya pili kwa kiini chake. Kiini kipya huwekwa kando ya kile cha zamani, na kipya kikikataa kuwaka, mtu anaweza kuchagua kuwasha kwa kile cha zamani. Vishikwambi na simu nyingine huenda mbali zaidi: huwa na sehemu mbili kamili za mfumo, na toleo jipya huandikwa katika ile isiyotumika. Lakini kwa maktaba na programu za kompyuta yetu, mpya huchukua mahali pa ile ya zamani, moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Kwa hiyo katikati ya kazi kompyuta huwa nusu ya zamani na nusu mpya. Hapo ndipo penye hatari.

Fundi wa majahazi wa Bagamoyo anaijua hatari hiyo. Akitaka kubadilisha ubao uliooza, hukivuta chombo pwani kwanza. Hukagua mkuku na mataruma, hung'oa ubao mmoja, huweka mwingine, hutia kalafati, ndipo huenda kwenye ubao unaofuata. Hang'oi mbao chombo kikiwa majini, wala haendi kula chakula cha mchana akaacha shimo wazi huku maji yanajaa.

Jaribio la 2: Kuruka hatua

Jaribio hili hufanywa na wanafunzi watatu. Mhitaji karatasi na kalamu.

Zamani mvua ilipimwa kwa inchi. Siku hizi hupimwa kwa milimita. Inchi moja ni sawa na milimita 25.4. Mwanafunzi wa kwanza ni Toleo la Kwanza: yeye huandika mvua kwa inchi, na huandika tarakimu peke yake bila kutaja kizio. Mwanafunzi wa pili ni Toleo la Pili: yeye hupokea tarakimu hizo, huzizidisha kwa 25.4, kisha huzipeleka mbele. Mwanafunzi wa tatu ni Toleo la Tatu: yeye hujumlisha anachopewa, na kwake kila tarakimu ni milimita. Hajawahi kusikia habari za inchi.

Mwanafunzi wa kwanza aandike mvua ya siku tatu: 2, 1, 3. Mpitishieni wa pili, kisha wa tatu. Jumla ni ngapi?

Sasa rudieni, lakini mwanafunzi wa kwanza ampelekee karatasi yake mwanafunzi wa tatu moja kwa moja. Jumla ni ngapi safari hii?

Mara ya kwanza mtapata milimita 152.4. Mara ya pili mtapata milimita 6. Mvua ni ileile. Karatasi ni ileile. Mwanafunzi wa tatu amejumlisha sawasawa. Hata hivyo jibu la pili lingemfanya mtu aamini kwamba masika yalikuwa makavu, mahali ambapo mto ulikuwa umefurika.

Fikiri vizuri juu ya jambo hili. Kosa linaloizima kompyuta hujulikana mara moja, na fundi huitwa. Kosa la namna hii halizimi kitu. Kompyuta huwaka, programu hufunguka, jedwali hujaa tarakimu safi, na watu huendelea kutumia hesabu za uongo kwa miezi mingi. Ndiyo maana kosa lililo kimya ni baya kuliko lile linalopiga kelele.

Kila toleo la mfumo hutengenezwa likijua namna ya kupokea mambo kutoka toleo lililo nyuma yake mara moja tu. Kwa sababu hiyo Debian huagiza kwamba usiruke toleo: kutoka toleo la 11 nenda la 12, ndipo uende la 13. Ubuntu vilevile. Mwenye toleo 20.04 anayetaka toleo 24.04 hana budi kupitia 22.04 kwanza. Njia ni ndefu, lakini ndiyo njia.

Kabla ya kupandisha toleo

Lori lenye mzigo linalopita barabara kuu kati ya Dar es Salaam na Morogoro hupimwa katika mizani ya Vigwaza. Kama limezidi uzito, hujulikana pale pale, kabla halijaendelea kuumiza barabara. Kompyuta nayo ipimwe kabla ya safari.

Fungua dirisha la amri, andika amri hii, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza:

lsb_release -d

Kompyuta itakujibu jina na namba ya toleo lake. Liandike katika daftari. Kisha andika:

df -h

Kompyuta itaonyesha jedwali la diski: ukubwa wake, nafasi iliyotumika na nafasi iliyobaki. Toleo jipya huhitaji gigabaiti kadhaa za nafasi, kwa sababu vifurushi vyote hupakuliwa kwanza na kuwekwa akiba kabla havijasakinishwa. Diski iliyojaa husababisha kazi kukwama katikati. Kumbuka mnara wa viberiti.

Sasa tufike kwenye nakala ya akiba. Jambo hili ni kubwa kuliko mengine yote katika sura hii. Mfumo ukiharibika, hata kabisa, unaweza kupatikana tena bure na kusakinishwa upya mchana mmoja. Vipimo vya mvua ya mwaka wa kwanza haviwezi kupatikana tena popote. Mvua ile imekwisha kunyesha, maji yake yamekwenda baharini. Mtu hawezi kurudi kuipima.

Miaka sita ina siku zaidi ya 2,190. Vipimo vyote hivyo, kimoja kwa kila siku, havijazi hata pembe ya flashi ndogo kabisa inayouzwa dukani. Kwa hiyo hakuna kisingizio cha nafasi. Nakili mafaili yote katika flashi mbili. Moja ibaki darasani, nyingine itunzwe katika jengo jingine, kwa mfano katika ofisi ya mwalimu mkuu. Moto, mwizi au paa linalovuja haviwezi kwa urahisi kufika mahali pawili kwa usiku mmoja.

Lakini kazi haijaisha. Wengi hunakili, wakachomoa flashi, wakaridhika. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu, bado si nakala. Ichukue flashi hiyo, ichomeke katika kompyuta nyingine, ufungue mafaili yake. Yahesabu: je, ni mengi sawa na yale ya mwanzo? Fungua mwezi mmoja, tuseme Aprili ya mwaka wa pili, ujumlishe mvua yake. Jumla hiyo uilinganishe na jumla iliyomo katika kompyuta ya shule. Zikiwa sawa, rudia kwa mwezi mwingine. Mwisho chapisha jumla za kila mwezi katika karatasi. Mchwa hula karatasi, ni kweli, lakini hawali flashi. Na kinachoharibu flashi mara nyingi hakidhuru karatasi.

Baada ya hayo, soma maelezo ya toleo. Kila toleo huja na maandishi yanayoeleza kilichobadilika na kilichoondolewa. Watu wengi hawayasomi kwa sababu ni marefu. Tazama mfano mmoja wa hasara yake. Kompyuta za zamani nyingi zilitengenezwa kufanya kazi kwa biti 32, na baadhi yake zimo katika shule zetu kama misaada. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haisakinishwi tena katika kompyuta za namna hiyo, na maelezo yake yanawaonya wenye kompyuta hizo wasipandishe toleo. Aliyesoma ukurasa huo ameokoa kompyuta yake.

Usiwe wa kwanza, wala usiwe wa mwisho. Mapema Septemba 2024, siku chache baada ya watumiaji wa toleo 22.04 la Ubuntu kufunguliwa njia ya kupanda hadi 24.04, watengenezaji waliifunga njia hiyo kwa muda. Walikuwa wamegundua kasoro kubwa katika chombo chenyewe cha kupandishia toleo. Waliisahihisha, kisha wakaifungua tena. Aliyengoja wiki chache hakupoteza kitu. Tena, kama shule ina kompyuta zaidi ya moja, ianze na ile isiyo na kazi muhimu. Hiyo ndiyo kanuni ya jaribio, kama ulivyojifunza ulipopanda mbegu chache katika kopo kabla ya kupanda shamba.

Wakati wa kupandisha toleo

Kazi yenyewe ina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, kompyuta hupakua vifurushi kutoka katika intaneti. Intaneti ikikatika hapa, hakuna kilichoharibika, kwani mfumo wa zamani haujaguswa. Utaanza tena baadaye. Hakikisha tu kwamba kifurushi cha intaneti kinatosha.

Katika sehemu ya pili kompyuta husakinisha. Hapa umeme usikatike. Ukikatika, baadhi ya maktaba zitakuwa mpya, nyingine za zamani, na nyingine zimeandikwa nusu. Pengine kompyuta itawaka na fundi ataweza kuikamilisha kazi. Pengine haitawaka kabisa. Kompyuta ya mpakato iwe na betri iliyojaa na iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani iunganishwe na kifaa cha akiba ya umeme, yaani UPS. Kifaa hicho huishikilia kompyuta kwa dakika chache tu, na kazi hii huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kwa hiyo uchague pia siku na saa. Mchana wa masika, wingu likiwa limetanda na radi zikisikika upande wa Ruvu, si saa ya kupandisha toleo. Jumamosi asubuhi, mbingu ikiwa safi na kukiwa hakuna taarifa ya kukatwa umeme, ni saa njema.

Kompyuta ikinyamaza kwa muda mrefu, usiizime. Mara nyingi inafanya kazi isiyoonekana. Tazama taa ndogo ya diski. Ikiwa inamemeteka, kazi inaendelea.

Huenda pia kompyuta ikakuuliza swali. Yapo mafaili ya mpangilio, ambamo imeandikwa jinsi shule ilivyotaka kitu kifanye kazi, kwa mfano jinsi ya kutumia printa. Kama mtu aliwahi kubadilisha faili la namna hiyo, kompyuta huuliza: nibakize lenu, au niweke jipya? Usijibu kwa kubahatisha. Ukibakiza la zamani, mpangilio wa shule hubaki, lakini huenda programu mpya isiuelewe wote. Ukichukua jipya, mpangilio wa shule hupotea. Usipokuwa na hakika, bakiza la zamani na uandike jina la faili katika daftari, ili mwalimu au fundi alichunguze baadaye.

Baada ya kupandisha toleo

Kompyuta ikiisha kuwaka upya, andika tena amri ya kwanza uone namba ya toleo. Kisha fungua programu moja moja: ya mvua, ya barua, ya kuchapisha. Jumlisha tena ule mwezi wa Aprili. Linganisha na karatasi uliyochapisha. Usiridhike kwamba jedwali linafunguka. Ulikwisha kuona katika Jaribio la 2 kwamba jedwali linaweza kufunguka vizuri na kusema uongo.

Usifute kiini cha zamani siku hiyo, wala usifute flashi. Acha wiki kadhaa zipite. Andika katika daftari la kompyuta tarehe, toleo la zamani, toleo jipya, maswali yaliyoulizwa na majibu uliyotoa. Atakayekuwa kiranja baada ya miaka miwili, toleo jingine litakapokuja, atalihitaji daftari hilo, na wewe utakuwa umekwisha kwenda sekondari.

Zoezi

1. Taja kazi tatu za mfumo endeshi.

2. Toleo moja la Ubuntu lina namba 18.04. Lilitolewa mwezi gani na mwaka gani?

3. Diski ya kompyuta ina gigabaiti 120. Mafaili yamechukua gigabaiti 71 na mfumo umechukua 38. Maelezo yanasema kupandisha toleo kunahitaji gigabaiti 15. Je, kazi inaweza kuanza? Onyesha hesabu yako, kisha eleza utafanya nini.

4. Intaneti ilikatika katika sehemu ya kwanza ya kazi. Katika shule nyingine umeme ulikatika katika sehemu ya pili. Shule ipi imo katika hatari zaidi? Kwa nini?

5. Mwanafunzi mmoja alisema, "Nimenakili mafaili katika flashi, kwa hiyo tuko salama." Ungemwuliza maswali gani mawili?

6. Kompyuta ina toleo la 10 la Debian. Shule inataka toleo la 12. Andika hatua zitakazofuatwa.

7. Katika jedwali la mvua la mwezi wa Aprili, jumla ya zamani ilikuwa milimita 254. Baada ya kupandisha toleo, jumla imekuwa 10. Pengine kumetokea nini? (Fikiri juu ya Jaribio la 2.)

8. Mwulize mwalimu wako kishikwambi au kompyuta yake ina toleo gani la mfumo. Andika jibu pamoja na tarehe ya leo.